Damu Yangu Ndiyo Ilikuwa Kipimo

Chebet, msaidizi wangu maabara, amenisumbua tangu siku walipoandaa chakula cha kuniaga. "Madam, andika. Ukienda shambani utasahau, na sisi tutabaki na porojo za watu." Nimekubali, lakini kwa masharti yangu. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, wenyewe wanajuana. Nitaandika vile tulivyofanya kazi maabara, na kosa moja langu ambalo nusura limuue mkulima mmoja wa kule Kwanza, karibu na Kitale. Kama unatafuta habari za kunisifu, fungia hapa, nenda ukajipikie chai. Chai ya kawaida, lakini.

Naitwa Nasimiyu. Nimepima damu za watu kwanza Bungoma, halafu Kitale, mpaka mwezi uliopita. Mjue jambo moja: mimi ni mtu wa kushuku. Mama alikuwa akisema hata titi lake nililinusa kwanza kabla ya kunyonya. Tabia hiyo imenikosesha marafiki wawili na mchumba mmoja, lakini kazini ilinifaa sana. Karibu siku zote.

Siku ya kwanza, Bungoma, nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Mzee Barasa, mkuu wa maabara, hata hakuliangalia. Alinipa vichupa vitatu vya damu vyenye majina matatu, akaniambia nipime sukari, akaenda zake kunywa uji. Siku hizo tulikuwa tukivuta damu kwa pipeti ya kioo, kwa mdomo, na ukizubaa unaonja damu ya mtu. Nilimaliza nikaandika majibu kwa mwandiko wa shule. Mzee akarudi, akasoma, akacheka mpaka miwani ikateremka puani.

"Nasimiyu, hivi vichupa viwiri ni damu ya mtu mmoja. Ni yangu. Mbona umenipa sukari mbiri? Sasa angaria vizuri. Mwongo ni nani hapa? Ni mimi, ni mashine, ama ni wewe?"

Msicheke. Sisi watu wa Bungoma l na r tunazitumia kwa zamu.

"Ni mashine," nikajibu haraka.

"Haya, umeanza kuwa mtu wa maabara," akasema. "Rakini iko siku itakuwa ni wewe."

Akanifundisha dawa ya tatizo hilo. Mashine yoyote lazima uipe damu ambayo jibu lake unalijua tayari, ndipo uiamini na damu usiyoijua. Kulikuwa na vichupa maalum vya kazi hiyo, vya kununuliwa, lakini vilikuja kwa nadra kama mvua ya Januari. Kwa hiyo Mzee alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi alijitoa damu kidogo, akajipima yeye kwanza. Miaka mingi alikuwa amejipima, alijua nambari zake zote, za sukari na za ini, kwa kichwa. Nambari zikitoka vile anavyozijua, tunafungua dirisha na kuanza kupokea wagonjwa. Zikikataa, hakuna kazi mpaka tujue mashine imekula nini. Alipostaafu alinikabidhi funguo, kitabu cha majibu, na kazi hiyo ya kujipima. "Sasa mtu mzima wa maabara, asiyeugua, ni wewe," akaniambia. "Ujitunze."

Nilijitunza. Sinywi pombe, sivuti, na malaria nikiisikia mbali naikimbia. Kwa miaka yote hiyo damu yangu ilitoka vile vile kila asubuhi, na mimi nikaona fahari, wacha niseme ukweli. Watu wengine wana vyeti ukutani. Mimi nilikuwa na ini.

Kitu kingine alichonifundisha Mzee Barasa ni dirisha. Maabara yetu ilikuwa na dirisha dogo la kupokelea damu, kiasi cha mkono kupita na karatasi. "Usiangarie uso wa mgonjwa," alisema. "Uso utakuhurumisha ama utakukasirisha. Damu haina uso." Nilimwelewa. Wakati ule kila mwanamume mwenye macho ya manjano alikuwa anaambiwa ni pombe ya chang'aa. Alikuja katekista mmoja ambaye hajawahi hata kulamba busaa, mhudumu akamkaripia pale kwenye foleni mpaka mzee wa watu akalia. Damu ikasema ni homa ya ini ya virusi. Tangu siku hiyo nikasema dirisha langu litabaki dogo. Nilipohamia Kitale nikakuta dirisha kubwa, nikamwita seremala alipunguze.

Kitale ndiko alikonikuta Chebet. Anatoka Kapsokwony, huko mlimani ambako mtu anajifunza kuteremka mlima kwa pikipiki kabla ya kujua kusoma. Ana kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku yake ya kwanza nilimtegea vile vichupa vya Mzee Barasa. Akavipima, akanitazama, akasema, "Madam, hivi viwili ni mtu mmoja. Unanijaribu?" Nilimpenda palepale, lakini sikumwambia. Nilianza kumshuku badala yake.

Sasa tuje kwa chai.

Katika chama chetu cha akina mama kulikuwa na rafiki yangu Naliaka. Alikuwa amehudhuria semina kwenye hoteli moja mjini na kurudi na mikebe ya kijani yenye maandishi ya Kichina. Ndani kulikuwa na unga wa mizizi na vidonge vyeusi vidogo. Naliaka alisema ni ya magoti, ya usingizi, ya presha, ya kuosha ini, na tena inarudisha weusi wa nywele. Mimi magoti yangu yalikuwa sawa. Lakini mvi! Ilikuwa imebaki miezi michache nistaafu, na nilijua siku ya kuagwa kutakuwa na picha. Kwa hiyo mimi, Nasimiyu, mwanamke wa kunusa titi, nilinunua mkebe bila kuuliza swali hata moja. Mwenye kuniuzia alikuwa ameshika mkono wangu tukiomba pamoja wiki iliyotangulia. Utamshukuje mtu kama huyo?

Nikawa nabeba chai ya ule unga kwenye thamosi. Asubuhi kikombe, saa nne kikombe, jioni vidonge. Chebet aliuliza mara moja, "Madam, hiyo chai inanuka mchanga, ni nini?" Nikamwambia ashughulike na hadubini yake.

Baada ya wiki kadhaa, kipimo changu cha ini cha asubuhi kikaanza kupanda. Kidogo tu, kwa hiyo sikufunga dirisha. Nikashuku stima, maana ilikuwa inapotea kila siku na kemikali za mashine hutaka baridi. Kikapanda tena. Nikashuku friji. Nikaihamisha friji. Kikapanda. Nikamshuku Chebet kwamba anasahau kemikali mezani akienda kupiga simu. Tuligombana.

"Madam, mimi sijaziacha nje hata siku moja!"

"Basi zimetembea zenyewe?"

"Si ujiulize wewe pia!"

Nilimnyamazia siku mbili. Ningelimsikiliza tungeokoa mambo mengi.

Katika hali hiyo ndipo ikaletwa damu ya Mzee Njoroge. Alikuwa mkulima wa mahindi huko Kwanza, na karatasi ya daktari ilisema amechoka, mwili unamwasha, hana hamu ya kula, na mkojo umekuwa rangi ya turungi, chai isiyo na maziwa. Nilipima ini. Nambari ikatoka mara kumi ya kawaida. Nikashtuka, nikafanya vile nilivyofundishwa, nikajipima mimi. Nambari yangu ikatoka mara tatu ya kawaida.

Sasa fikirini kama nilivyofikiri. Mtu mzima wa maabara ni mimi. Mtu mzima akitoka mara tatu, mashine inatia chumvi. Basi ya mzee nayo imetiwa chumvi. Ilinikaa vizuri kichwani, kila kipande mahali pake.

Chebet alikuwa amechungulia nje kupitia lile dirisha langu. "Madam, macho ya yule mzee siyapendi. Njoo umwone."

"Hatuangalii nyuso," nikamjibu.

Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye karatasi yake: Mashine ina kasoro. Arudi baada ya wiki moja. Nikatia sahihi. Ningeweza kumwandikia aende maabara nyingine, zipo mjini, dakika kumi kwa miguu. Sikuandika. Mgonjwa akienda kwa jirani harudi, na mimi sikutaka ijulikane Kitale yote kwamba mashine ya Nasimiyu ni mbovu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, na kila nikiikumbuka naona haya.

Wiki ile nilishuku dunia nzima. Nilimwita fundi wa mashine kutoka Nairobi. Akaifungua, akaisafisha, akasema iko sawa. Nikashuku fundi. Nikaagiza kemikali mpya kutoka kwa muuzaji mwingine. Zikaja, nikazipeleka kwenye friji mimi mwenyewe, nikafunga kwa kufuli, ufunguo nikauweka kifuani. Asubuhi nikajipima. Mara nne ya kawaida.

Nilikuwa bado nimeshika ile karatasi ya majibu nikimtazama Chebet kwa jicho baya, wakati aliponigeuzia mgongo, akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa koti lake na kujitoa damu. Akatoka nje, akamwomba bawabu, Baba Wekesa, na mama wa usafi, Mama Chela, wakubali kutolewa, wakakubali. Akaweka vichupa vitatu kwenye mashine ile ile, kemikali zile zile. Tukangoja wote wanne tumesimama. Bawabu aliuliza kama atalipwa.

Majibu yakatoka. Chebet akayaweka mezani mbele yangu, moja moja.

"Mimi niko sawa. Baba Wekesa sawa. Mama Chela sawa." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Madam, mashine ni nzima. Ni wewe."

Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kukataa. Cha pili ni kunyoosha mkono nijimiminie chai nitulie. Chebet aliushika mkono wangu juu ya thamosi. Hakuwa amewahi kunigusa kabla ya siku hiyo.

"Hii umeanza lini?" akauliza.

Nilipomtajia mwezi, akafungua kitabu cha asubuhi na kupitisha kidole kwenye nambari zangu zikipanda. Hapakuwa na haja ya kuniambia kitu. Na wakati huo huo nikamkumbuka yule mzee wa Kwanza, kwa sababu kama ya kwangu ilikuwa kweli, basi ya kwake ilikuwa kweli pia, na mimi nilikuwa nimemrudisha nyumbani. Siku yake ya kurudi ilikuwa jana yake. Hakuwa amerudi. Ee Mungu wangu! Nikaitafuta nambari yake ya simu kwenye kitabu cha wagonjwa, nikapiga.

Simu ilipokelewa na mkewe, Mama Njeri.

"Mama, mzee anatumia dawa gani?" nikamuuliza.

"Hakuna dawa, daktari. Si mlisema hana shida?" Kwa watu wetu kila mwenye koti jeupe ni daktari.

"Nani alisema hana shida?"

"Si mliandika ni mashine ndiyo iko na kasoro? Tukashukuru Mungu. Tukajua yeye ni uchovu tu."

Nikamuuliza kama kuna mkebe wa kijani hapo nyumbani.

"Ule wa magoti? Huo uko. Si hiyo ni chakula tu, tunanunua kwa sista mmoja kanisani. Na tumemwongezea, anakunywa mara mbili ya ile ya mbeleni, ndio apate nguvu." Kisha akasema, "Lakini daktari, leo analala tu. Ukimwamsha anaongea vitu hazieleweki. Ameniita kwa jina la mama yake. Na macho... ngai, macho ni kama maua ya alizeti."

Nilimwambia amwage ile chai, amtafutie gari sasa hivi, asingoje Kitale, ampeleke moja kwa moja hospitali ya Eldoret, na mkebe aubebe kwenye kikapu. Mkebe asiusahau. Nilirudia mara tatu mpaka akanikasirikia. Kisha nikapiga simu Eldoret kuwaambia anakuja, nikawasomea ile nambari yake niliyokuwa nimeiita chumvi.

Daktari aliyempokea alinipigia baadaye. Alisema kwenye vile vidonge kuna mzizi ambao Wachina wameutumia tangu mababu kwa ajili ya nywele, na hata huko kwao inajulikana kwamba kuna watu unaowaumiza ini. Si wote. Baadhi tu, na huwezi kumjua mtu wa kuumia kwa kumwangalia. Kuna mambo mengine ndani ya mkebe ambayo hayakuandikwa nje, naye hakuyajua. Aliniuliza mimi nakunywa nini. Nilimweleza. Akasema, "Madam, wewe pia njoo."

Sikulazwa. Niliacha chai, na nambari zangu zikashuka polepole, asubuhi baada ya asubuhi, Chebet akiziandika. Mzee Njoroge alikaa Eldoret wiki nyingi. Siku kadhaa za kwanza hawakuwa na hakika kama atapona. Kila simu ikilia kwenye meza nilikuwa namwachia Chebet aipokee, mimi nikajifanya naosha vioo. Nilikuwa naogopa, niseme nini kingine?

Nilimwendea Naliaka na mkebe wangu mkononi. Nilimkuta dukani kwake anapanga mingine. Nikamweleza yote.

"Ati ini?" akasema. "Nasimiyu, mimi nakunywa hiyo kitu mwaka wa pili. Niangalie! Si nitakuwa nimekufa?"

"Njoo nikupime."

Alikuja, kwa hasira. Nikampima mara mbili. Ini lake lilikuwa safi kabisa. Aliichukua ile karatasi, na mpaka leo ameitundika dukani juu ya mikebe, na sahihi yangu chini. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, vijana wangu. Ini la mtu haliulizi ini la jirani. Wanaokunywa wakapona mvi watakuonyesha nywele, na yule mmoja anayeumia ataambiwa ni pombe, ni uchovu, ni mashine. Sisemi mitishamba yote ni sumu. Nyanya yangu alitutibu kwa majani, na vidonge vya kawaida vya kichwa vikizidishwa navyo vinaua ini, nimeona kwa macho yangu. Ninachosema ni mkiuliza mgonjwa msimuulize kuhusu dawa peke yake. Mwambieni alete kila kitu kinachopita mdomoni kikitoka kwenye mkebe, chupa au karatasi, hata kama alipewa na mtu wa kanisa. Hasa kama alipewa na mtu wa kanisa.

Mambo mengine tulibadilisha upesi. Dirisha tulilipanua, seremala yule yule, alinicheka sana. Vichupa vya kununua sasa haviruhusiwi kuisha, na siku vikichelewa tunachukua damu za watu watano tofauti, si ya mmoja. Maabara haina tena mtu mzima.

Wiki mbili kabla sijastaafu, niliona kofia ikisogea pale dirishani. Mzee Njoroge. Alikuwa amekonda, koti limemwelemea mabegani, lakini macho yalikuwa meupe. Mama Njeri alikuwa nyuma yake ameshika mkoba kwa mikono miwili. Walikuwa wametumwa na Eldoret wapime tena karibu na nyumbani. Nilitoka nje, sikupokea karatasi kwa dirisha. Nikaanza kuomba msamaha.

"Kaa chini, daktari," akaniambia, utadhani ni mimi niliyekuwa mgonjwa. Hakukunja mkono wa shati. "Anza na wewe. Nataka kuona yako kwanza."

"Mzee!" mkewe akamkemea.

"Wacha. Siku ile nilimwamini bila kuangalia."

Chebet alinitoa damu mbele yake. Tulingoja. Yangu ikatoka sawa, akaomba kuisoma, akaisoma kwa muda mrefu. Ndipo akatoa mkono wake. Yake ilikuwa bado juu kidogo, lakini ilikuwa imeshuka kuliko ya Eldoret. Mama Njeri akashusha pumzi.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Nikautambua mwandiko wangu kabla hajaifungua. Akaiweka juu ya meza, akaweka kidole juu ya lile neno la kwanza.

"Hapa uliandika mashine," akasema. "Si ukweli. Kata, uandike ukweli."

Chebet alinipa kalamu. Nikakata mstari, nikaandika juu yake, pole pole, ili isomeke: Mpimaji ana kasoro. Nikatia sahihi tena.

Mzee Njoroge akaisoma, akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni.